Jina la Ng'ombe Kizimbani

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, karani mkuu wa mahakama ya Lodwar alinitazama viatu kabla ya uso. "Wewe ni bomba," akaniambia. "Maji yakiingia na tope, yatoke na tope. Usichuje." Basi huo ndio ukalimani wa enzi zetu, nyinyi vijana mliousomea chuoni. Mshtakiwa anasema Kiturkana, mimi natoa Kiswahili, hakimu anaandika Kiingereza. Neno likipotea njiani, nani atalitafuta?

Nilipelekwa Lokitaung kwa muda, nikarudishwa Lodwar chini ya hakimu mkazi mwandamizi mpya. Alikuwa mtu wa haki, nasema kweli, ila ukiongeza neno lako moja anakugombeza mbele ya umati. Ndipo ikaja kesi ya Ekai.

Mfanyabiashara mmoja, mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, aliibiwa dukani kwake kambini Kakuma na watu wenye bunduki. Nyuso hakuziona, walijifunga vitambaa. Alichosikia ni mmoja akimwita mwenzake: Apalopus. Polisi wakauliza-uliza, wakaambiwa Apalopus ni Ekai, mchungaji wa upande ule. Wakamkamata akinywesha mbuzi. Shtaka likawa wizi wa mabavu, yaani kuiba kwa silaha au mkiwa zaidi ya mmoja, na adhabu yake ilikuwa moja tu, kitanzi.

Sasa, Apalopus si jina la kitambulisho. Kwetu mwanamume huwa na ng'ombe dume mmoja anayempenda kuliko wote, na mwanamume huyo huitwa kwa rangi ya dume lake. Apalopus ni baba wa yule wa kijivu. Madume ya kijivu yamejaa Turkana, na baba zao vilevile! Nilifungua mdomo kumweleza hakimu, akanikata: "Mkalimani, uliapa kutafsiri au kutoa ushahidi?" Nikarudi kutafsiri. Ekai hakuwa na wakili.

Kiongozi wa mashtaka akamwuliza kama yeye ndiye Apalopus. Nilimwomba Mungu akane. Lakini mwanamume gani atamkana ng'ombe wake mbele za watu? Alinyoosha mgongo, akasema ndiye. Akaulizwa kama huko Kakuma kuna Apalopus mwingine. Maskini, akatabasamu, nadhani aliona hatimaye wameuliza swali la maana.

"Hakuna," akasema. "Hakuna kama wangu."

Nikatafsiri vivyo hivyo. Kama wangu nini, jamani? Alikuwa anamsifu ng'ombe. Hakimu akainama, akaandika.

Hukumu ya kunyongwa nilimwambia mimi, kwa lugha ya mama yake. Akauliza ng'ombe atabaki na nani. Hakimu akataka kujua amesema nini, nikamtafsiria, akanikodolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Na kweli nilikuwa nimechanganyikiwa. Mpaka leo sijui kama Ekai aliiba au hakuiba. Waliuliza jina, wakajibiwa jina, na mimi nililipitisha safi kabisa. Kosa liko wapi hapo? Nalitafuta silioni, na mtu yuko ndani.

Rufaa ikatupwa. Miaka ikapita, hakunyongwa wala hakuachiliwa.

Nilipostaafu, muongo uliofuata ukielekea kuisha, mama yake alikuja kwangu kwa miguu. Tukasalimiana, ejok, ejok, nikampa chai ya maziwa. Akanieleza kuwa yule wa kijivu amekufa kwa uzee, na mwanawe lazima ajue. Kusoma hajui, yeye wala mwanawe, na mdomo ambao mwanawe ameuzoea ni wangu. Nitakataaje? Nilipanda basi hadi Kitale, nikaunganisha hadi gerezani.

Siku ya hukumu Ekai hakulia. Nilipomweleza habari ya ng'ombe, alilia mpaka askari jela akageukia ukutani. Kisha akajipangusa, akaushika wavu uliotutenga.

"Basi wa kijivu akifa, Apalopus naye amekwisha," akaniambia. "Waambie. Sasa wamwachie Ekai aende nyumbani."

Hakimu yule alikuwa ameshahamishwa, karani mkuu tulishamzika. Maneno hayo ninayo mpaka leo, kwa Kiturkana chake kizuri, na sijui nimtafsirie nani.