Mkaja Usio na Mwenyewe

Siku ya kupanga ndoa yangu, shehe aliuliza kwa mazoea tu, kikombe cha kahawa mkononi: "Hawa wamezaliwa Iringa, mtaa mmoja. Hawakunyonya ziwa moja?"

Baba, mwuza nguo wa pale Mbeya, alisema hajui. Mimi na shangazi tulikuwa nyuma ya pazia, tukisikiliza. Mama yangu alifariki kabla sijatimiza siku arobaini. Baba akaniacha kwa bibi, akaendelea na safari zake za biashara, na bibi naye sasa alikuwa marehemu. Wazazi wa mchumba wangu vilevile. Shangazi alipokuja kutoka pwani kunilea, nilikwisha kuanza kutembea. Nyumbani hakuna aliyejua nilinyonya wapi, na walionyonya ziwa moja ni ndugu. Dini hairuhusu waoane.

Shehe akasema ndoa isimame mpaka ijulikane. Nilimchukia siku ile, Mungu anisamehe. Yule kijana nilikuwa nampenda, ingawa zama zile msichana hakutakiwa kuonekana anapenda.

Nikamwomba baba ruhusa twende kuulizia wenyewe, mimi na shangazi. Basi lilitutikisa kutwa nzima, tukafika Iringa wekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope. Mtaani wanawake walitupokea vizuri, kupita kiasi. Wa kwanza alisema nililelewa kwa maziwa ya ng'ombe. Wa pili, uji mwepesi wa ulezi. Bibi mmoja, aliyepakana ukuta na bibi yangu, aliapa kuwa ni mbuzi, hata rangi ya mbuzi akanitajia.

"Basi imekwisha, mwanangu," shangazi alisema. "Twende tukapike pilau."

Mimi hofu ilinizidi. Ng'ombe, ulezi na mbuzi haviwezi kuwa kweli vyote. Nikaona nilipokosea: kila mlango nilitanguliza habari ya harusi, ndipo nikauliza habari ya ziwa. Nani angekubali awe ndiye aliyeivunja? Walinionea huruma, wakanipa jibu nililolitaka. Na nililitaka kweli. Ningeweza kulibeba nikapanda nalo basi, wala hakuna ambaye angenidai jingine. Nilikasirika kwa sababu lilikuwa tamu na sikulisadiki.

Katika kikapu changu mlikuwa na doti ya khanga. Ilikuwa mkaja, ambao upande wa bwana harusi humpa mama wa bibi harusi kuwa haki ya uchungu na malezi yake. Wangu haukuwa na mwenyewe. Shangazi alipokwenda sokoni, nikarudi kwa yule bibi wa mbuzi, nikamwekea khanga mapajani.

"Bibi, mkaja wangu huu. Mama sina. Mpe anayestahili."

Aliikunjua, akaipapasa muda mrefu.

"Mimi nilikuogesha tu, mwanangu. Mwenye mkaja huu yuko makaburini. Wewe ziwa hili, mwanawe ziwa lile, mpaka mkaota meno. Alikonda yule mwanamke, akabaki mifupa, na hakukuweka chini."

Mkono wake ukasimama juu ya khanga.

"Mwanawe yupi, bibi?" Nilijua, lakini niliuliza.

Akajifunika uso kwa ile khanga, akalia. "Ulikuja umejaa furaha. Nikashindwa."

Njia nzima ya kurudi sikumwambia shangazi neno. Nilikuwa nikibishana na nafsi yangu: mzee mmoja tu, na wazee husahau. Lakini wazee wanaosahau huwa hawalii vile. Tulipofika Mbeya nilimwambia baba mbele ya shangazi, nikamwomba amwite mchumba wangu ili asikie kinywani mwangu.

Alipofika, baba akatuacha na shangazi; kijana akanisikiliza mpaka mwisho, macho kwenye mkeka. Hakubisha. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo, hata sura yake hakuikumbuka.

"Alikonda, alisema?" ndilo pekee aliloniuliza.

Nikamwambia ndiyo, kwa ajili yetu sote wawili.

Tangu posa ipokewe hatukuwahi kuachwa wawili hata kwa dakika. Shangazi alikuwa akikaa katikati yetu na tasbihi yake, akikohoa tukicheka sana. Lakini kaka na dada hawalindwi. Shangazi akainuka taratibu, akavaa ndara zake, akasema anakwenda kututengenezea chai, akatoka na kuurudishia mlango.