Mtoto Aliyelilia Jina

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, nyumba yetu ilitawaliwa na mtu asiye na jino hata moja. Tuliishi Abu Hamour, Doha, katika vyumba viwili vya villa iliyogawanywa kwa kuta za mbao, na ndugu yangu Emanueli alikuwa na miezi miwili. Kila siku, adhana ya alasiri ikishapita, alianza kulia, na hakuacha mpaka sisi wote tumechoka kuliko yeye. Mama alikuwa ameacha kazi yake ya uuguzi ili akae nasi nyumbani mwaka mzima, na sehemu kubwa ya mwaka huo niliona mgongo wake tu, akizunguka meza na mtoto begani. Jirani yetu Msudani alituletea maji ya yansuni, mbegu zinazochemshwa kutuliza tumbo la mtoto. Daktari alimpima akasema ni mzima kabisa. Mzima huyo akaendelea kulia.

Mimi kilio chenyewe hakikunisumbua sana. Kilichonitia hofu ni maneno niliyoyasikia kupitia ule ukuta wa mbao. Baba alikuwa msimamizi wa zamu katika hoteli moja West Bay, na alirudi akiwa hana hata nguvu ya kufungua kamba za viatu.

"Afadhali mrudi Bungoma," alimwambia Mama. "Mama yangu atakusaidia. Mimi nitabaki hapa nifanye kazi."

Nilimsikia Mama akiendelea kuizunguka meza. Nilikuwa na marafiki ambao baba zao walibaki mbali kikazi, na walimjua baba kwa sauti ya simu tu. Basi nikawa namwinamia Emanueli kitandani, namnong'oneza anyamaze, kwa sababu akiendelea hivyo atatuachanisha.

Bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Kukhu kama Wabukusu wanavyomwita bibi, alishatoa hukumu yake tangu wiki ya kwanza. Mtoto analilia jina. Kwetu, mtoto mchanga asiyetulia huwekwa kwenye titi, kisha mkubwa wa nyumba hutaja majina ya jamaa waliokufa, moja baada ya jingine. Likifikiwa la yule anayetaka kurudi, mtoto hunyamaza na kunyonya. Baba hakutaka kulisikia hilo. Mtoto alishapewa jina, na yeye alikuwa mzee wa kanisa.

"Mayi, huku tunamwombea," alimwambia mama yake.

"Ombeni," Kukhu alijibu. "Na mumwite pia."

Siku hizi najua kanisa lilikuwa nusu tu ya sababu. Mwaka uliotangulia, Khaemba, ndugu yake Baba aliyemfuata, aliugua ghafla akafa. Baba hakupata ruhusa ya kusafiri, na ndugu yake akazikwa bila yeye. Asubuhi ile ya habari alivaa sare yake akaenda kazini, na tangu hapo jina la Khaemba halikutamkwa nyumbani kwetu. Sasa aanze kuyasikiliza majina ya wafu yakija kwa mstari, akijua nani yuko njiani?

Ijumaa moja, ambayo huko ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada, tulitoka kanisani Mesaimeer, ambako waumini wote walikuwa wamemwombea Emanueli. Alilala fofofo katika maombi yote, mpenzi wa watu, akaanza kupiga kelele tulipofika tu nyumbani. Mama aliketi kitandani na viatu vyake vya kanisani miguuni.

"Baba Nekesa, mpigie mama yako," alisema, akimwita Baba kwa jina langu. "Ikishindikana, tukatie tiketi."

Baba alipiga, akaweka spika, akaishika simu mbali na mwili kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwenziwe. Simu za kwetu enzi hizo zilichelewesha sauti. Ulisema, ukameza mate, ndipo mwenzako akasikia. Na yeye vilevile. Tulikuwa tumeshazoea.

"Wanyonyi," Kukhu akaanza. Kilio. "Barasa." Kilio. "Simiyu." Emanueli alilitema titi kwa hasira. "Nyongesa."

Mtoto akahema. Akalishika titi, akanyonya. Chumba kilitulia hata nikasikia kiyoyozi kikidondosha maji nje ya dirisha.

Sasa, huyo Nyongesa hata mimi niliyekulia mbali nilimjua kwa sifa. Alikuwa ndugu wa babu, na aliuza shamba moja kwa watu wawili, kisha akalewa mpaka fedha za wote wawili zikaisha. Mama alifumba macho.

Lakini kimya chetu kilikuwa bado hakijafika Bungoma. Kukhu alikuwa ameshaendelea, na jina lililofuata likatufikia kwa sauti ya chini: "Khaemba." Halafu akanyamaza yeye mwenyewe.

"Ametulia," alisema baadaye. "Nasikia ametulia. Ni nani huyo?"

Nilikuwa mtoto wa kupenda kutoa majibu sahihi, nikafungua mdomo. Mama akanibana mkono. Baba akaisogeza simu mdomoni.

"Ni Khaemba, Mayi," alisema. "Ni Khaemba amerudi."

Kukhu alilia. Baba naye akaketi sakafuni na suti yake ya kanisani, akalia, na mimi sikuwa nimewahi kuliona jambo hilo. Katika nyumba yote ni Emanueli peke yake aliyekuwa shwari.

Ningependa kusema hakulia tena. Alilia kesho yake, saa ileile. Ila kesho yake Baba alipotoka kazini alimpokea Mama mtoto kabla hata ya kuvua sare, akatembea naye koridoni. "Khaemba, kuna nini, bwana? Niambie," alimwambia, kisha akamsimulia mto waliokuwa wakiogelea na ng'ombe waliyempoteza pamoja. Alifanya hivyo kila jioni. Mama akapata kulala. Kilio kikapungua polepole, na habari ya tiketi haikutajwa tena. Tulipokwenda likizo, Kukhu alimpakata mjukuu wake, akamuuliza mbona amekawia hivyo.

Watu huniuliza kama naamini mambo haya. Najua tumbo la mtoto mchanga hutulia lenyewe kwa wakati wake. Zamani nilidhani Baba alimdanganya mama yake, na ilinikera. Leo naona kwamba kulikuwa na mtu nyumbani mle aliyekuwa akililia jina la Khaemba kwa mwaka mzima, na nadhani Mama alilijua hilo aliponibana mkono.

Juzi ndugu yangu, ambaye sasa ananizidi urefu na anaitwa Khaemba na kila mtu, aliniuliza mezani kama ni kweli alinyamaza kwa jina lake. Baba alikuwa ameketi palepale. Aliweka kikombe chini, akanitazama.

"Kweli," nikamwambia. "Kwa Khaemba. Nilikuwepo."