Papai Bichi la Bibi wa Matombo

Leo sokoni nimekataliwa kuuziwa papai, jamani!

Nilimwamkia bibi mmoja anayeleta matunda kutoka Matombo, nikachagua papai la kijani, gumu kama jiwe.

Akaninyang'anya.

"Hilo bichi, mwanangu. Chukua hili limeiva."

Nikamwambia nalitaka hilohilo.

"La kulainishia nyama?"

"Hapana, bibi. La kula."

Akawageukia wenzake: "Nikimuuzia mgeni papai bichi, si watasema nimemdanganya?"

Wakacheka wote.

Mimi nimetoka Thailand kuolewa huku Morogoro, hata mwaka sijamaliza. Leo niliamka na hamu ya chakula cha kwetu hadi machozi yananilengalenga. Nadhani bibi aliyaona.

"Haya, nionyeshe linavyoliwa."

Nikaazima kinu kwa mama ntilie wa jirani. Nikalikata papai vipande vyembamba kama tambi, nikalitwanga na pilipili, ndimu, karanga na dagaa. Watu wamenizunguka!

Bibi akaonja.

Akafumba macho. Jasho likamtoka.

Nikajua nimeharibu.

Kumbe! Akamgeukia mama ntilie: "Wewe unashangaa nini? Lete ugali!"

Tumekula sahani moja, bibi, mama ntilie na mimi, tunavuta kamasi kwa pilipili na kucheka. Kwetu hatuli na ugali, lakini vimeendana, wallahi.

Haya, nyie wa Moro, mngeonja au mngekimbia?