Saa Tisa ya Kwenye Karatasi

Ndege niliyojifunzia kuruka tuliiita bajaji. Ilikuwa na magurudumu matatu, viti viwili vya kubanana bega kwa bega, na kelele za kukufanya upige mayowe hata ukitaka kusema asante. Mlango wa kulia haukushika vizuri. Tuliukaza kwa ndani na kipande cha mpira wa baiskeli. Mwalimu akituona tunauangalia sana alifoka, "Mlango una nini? Tazama mbele!" Watu huniuliza kama niliipenda. Hapana, nisiwadanganye. Niliiogopa kila siku ya Mungu.

Wakisikia hivyo wanadhani natania, maana leo kazi yangu ni hiyohiyo ya kurusha ndege ndogo huku kwetu ziwani. Lakini siku zile, kila bajaji ilipoiacha lami ya uwanja wa Mwanza na maji yakatokea ghafla chini yetu, nilikuwa naking'ang'ania kiti mpaka nikaona aibu. Nilikuwa nasali kimoyomoyo kwa Kisukuma, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimeshanitoka.

Tulikuwa wanafunzi wawili tu. Mwenzangu alikuwa dada mmoja wa Kikerewe, mdogo wangu kwa miaka miwili, na alinizidi kwa kila kitu. Akitua, ungedhani mtu ameweka kikombe cha chai mezani. Mimi nilikuwa nabwaga gunia la mpunga. Tena alikuwa na mdomo, yule. "Kaka," alikuwa ananiuliza mbele za watu, "wewe unasomea urubani au ulubani?" Nami namwambia, "Hebu niache!" huku nacheka, maana kweli r yangu ilikuwa haitabiriki.

Mwalimu wetu alikuwa mzee mstaafu wa jeshi, mtu wa maneno machache na yote makali. Siku moja nilitua nikaruka juu mara tatu kabla ya kutulia. Alishuka, akalikagua lile gurudumu la mbele, akaniambia taratibu, "Kijana, kosa moja la kizembe tena, unarudi kwenu ukachunge ng'ombe." Hakuwa anatania.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Mwenzangu alikuwa anakwenda Magu na kurudi, peke yake, safari yake ndefu ya kwanza bila mwalimu pembeni. Kawaida yetu, kabla ya kuruka ilichukuliwa karatasi ya hali ya hewa ofisini, na sheria ya mwalimu ilikuwa kila rubani ajisomee mwenyewe. Asubuhi ile nilikwenda kuichukua mimi. Nilimkuta dada ameinama kwenye injini anapima oili, mikono myeusi.

"Kaka, nisomee basi. Mvua saa ngapi?"

Nikatupa jicho. Mvua na radi, kuanzia tisa. "Saa tisa," nikamwambia. "Utakuwa umesharudi na kula umeshakula."

Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni. Akaondoka saa tano na robo, akatupungia mkono kupitia ule mlango mbovu.

Karatasi za marubani haziandikwi kwa saa zetu. Zinaandikwa kwa saa za Greenwich, na Greenwich iko nyuma yetu saa tatu. Tisa ya kwenye karatasi, ukiongeza tatu, ni kumi na mbili kwa Kiingereza, na kumi na mbili hiyo kwetu sisi ni saa sita mchana. Tulifundishwa hivyo wiki ya kwanza. Mtihani wake nilipata zote. Lakini kichwa changu kimelelewa na mama anayehesabu saa kuanzia jua linapochomoza, na kilipoona tisa kikasema saa tisa, alasiri, watoto wanatoka shule.

Saa sita kasorobo upepo ukageuka. Nilikuwa nimekaa nje ya kibanda chetu na nikauhisi shingoni, wa baridi, unatoka ziwani. Nikainua macho. Kule Ukerewe hakukuwa na Ukerewe tena. Kulikuwa na weusi mtupu kutoka juu mpaka kwenye maji, na ulikuwa unakuja. Mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe. Nikaisoma ile karatasi safari hii kama mtu mwenye akili, na Mungu wangu, tisa ile ilikuwa saa sita yetu.

Mwalimu alitoka mbio na redio ya mkononi. "Karatasi iko wapi?"

"Sijui, mwalimu," nikasema. Ilikuwa kwenye kiganja changu.

Sauti ya dada ikaja, nyembamba, ina mikwaruzo. "Mwalimu, mbele ni kweupe kwa mvua. Ziwa silioni. Mji siuoni."

"Geuka kushoto! Liache ziwa, nenda kusini, tafuta barabara ya lami!"

Hatukujua kama alisikia. Tulikimbilia ndani ya kibanda, mvua ikakiangukia kwa mara moja, na lile paa lilikuwa la bati tupu. Mwalimu aliibana redio sikioni, akaziba sikio la pili, akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kilichojibu ni bati. Radi ilipiga kwenye mawe ya upande wa pili wa uwanja na nikajikuta nimechuchumaa chini ya meza, mwanaume mzima.

Kichwani niliuona mlango. Sikuiona injini wala mabawa, niliuona ule mlango wa kulia na kipande chake cha mpira, unafunguka huku dada anahangaika kuuvuta kwa mkono mmoja. Nikamwona mama yake, ambaye sijawahi kukutana naye, anaulizwa kama anaitambua nguo ya mwanawe. Na bado, nasema ukweli wangu, katikati ya yote hayo nilikuwa naifikiria ile karatasi, niimeze au niitupe kwenye dimbwi.

Ilipita karibu saa nzima. Mvua ikaanza kuchoka. Tukaisikia bajaji kabla ya kuiona: inatokea kusini, chini ya mawingu, chini mno, inaifuata lami ya kutoka Usagara. Ikatua. Safari hii haikuwa kikombe cha chai, lakini ilitua. Mwalimu akajifuta uso na kofia yake, akageuka upande wa ukuta kidogo.

Dada alishuka akashika nguzo ya bawa, hakuiachia. Midomo ilikuwa ya kijivu.

"Nani alisoma saa?" mwalimu akauliza.

Hakuna aliyenitazama. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Mimi, mwalimu," dada akasema. "Nilikosea."

"Basi hupandi tena peke yako mpaka nitakapokwambia."

"Sawa, mwalimu."

Tuliisukuma ndege mpaka kwenye maegesho yake, yeye bawa hili, mimi lile. Wiki mbili baadaye aliacha kuja, na miezi kadhaa mbele mimi nikapata leseni.

Nilimkuta mwaka jana Magu, anafundisha hesabu sekondari. Tulikaa kwa mama ntilie, tukaagiza wali na sato, na kabla chakula hakijaja nikalitoa lile jambo. Nikamwambia, dada, ulinibebea kosa langu na mimi nikanyamaza, nisamehe.

Alinishangaa. "Kukubebea? Wee kaka! Mimi nilikuwa nimeapa kule juu kwamba nikikanyaga ardhi sipandi tena. Nilikuwa natafuta mlango wa kutokea bila kuitwa mwoga. Mwalimu alipouliza vile, nikauona."

Akacheka, nikajaribu kucheka naye. Kisha akaanza kuchambua miiba ya samaki pembeni ya sahani.

"Mpaka leo," akasema bila kuinua macho, "ndege ikipita juu ya shule, mkono unakataa kuandika. Nasimama pale ubaoni na chaki mpaka ipite. Wanafunzi wameshazoea. Wananyamaza tu wananisubiri."

Nilimmiminia maji. Sikumwambia kwamba ninayepita pale kila Jumatatu na Alhamisi ni mimi.