Mnazi wa Nurdini

Sadala hasemi kwamba amekata mti. Husema ameuteremsha. Pale Bungu, mtu akimwita kwa ajili ya tawi linalogusa nyaya za umeme au mfenesi ulioegemea choo, jambo la kwanza atakaloulizwa si ukubwa wa mti wala njia ya kuufikia. Ataulizwa, "Mti huu ni wa nani?" Mgeni hujibu haraka kwamba ni wake, kiwanja chake, na hati anayo ndani. Mwenyeji hujua kwamba Sadala haulizi hati. Anauliza kama chini ya mti ule pamezikwa kitovu cha mtu.

Maana huku kwetu, kuanzia visiwa vya delta ya mto hadi huku juu barabarani, kitovu cha mtoto kikishadondoka wapo wanaokizika na kupanda mnazi juu yake. Mnazi ule unakuwa wa mtoto yule mpaka afe. Yeye akiwa hai, haugusi mtu bila ruhusa yake. Sadala amewahi kupiga simu Mtwara kumtafuta bwana mmoja, ampe ruhusa ya kupunguza makuti tu.

Alizaliwa Salale, huko kwenye delta, mtoto wa mkata mikoko. Katika matope ya kule, kwa shoka la baba yake, ndiko alikojifunza kuutazama mti na kujua utalalia wapi. Alipooa akahamia Bungu, akakuta watu wamejenga chini ya miti mikubwa na hakuna wa kuwasaidia isipokuwa vijana wa mashine, wanaopiga shina chini, wanaruka pembeni, halafu wanaomba radhi kwa ukuta ulioanguka. Yeye hupanda. Hukata kuanzia juu, kipande kwa kipande, na kila kipande hushuka kwa kamba ambayo mwenzake Hemedy ameizungusha kwenye shina la mti wa jirani. Magoti yake sasa yanalia akichuchumaa. Abiria wanaosimama Bungu kununua korosho humwona kule juu wakasema, tazama kibarua yule. Mtu amebeba roho za watu waliolala chini ya bati, nasi tuliosoma tunamwita kibarua! Tungekuwa na haya kidogo, tungemwita fundi, na tungemwita kabla ya mti kuanguka.

Mwaka huu, masika yakiwa yanakaribia, aliitwa na Bi Swaumu, mjane anayelea wajukuu wawili karibu na msikiti.

"Shikamoo, Bi Swaumu."

"Marahaba, fundi. Huo hapo, utazame mwenyewe."

Mnazi ulikuwa umeinamia paa. Mvua za mwaka jana zilikula mchanga wa upande mmoja, mizizi ikabaki nje. Sadala aliusukuma kwa bega, akauhisi ukijibu kutoka chini, mahali ambapo mnazi mzima haujibu. Chumba kilichokuwa chini yake ndimo wanamolala watoto.

"Mti wa nani?"

"Unajua ni wa nani."

Alijua. Bungu nzima ilijua. Ulikuwa wa Nurdini, mwana wa pekee wa Bi Swaumu, baba wa watoto wale. Aliondoka kwenda Sauzi kwa njia ya Msumbiji, akapiga simu akiwa mpakani, akapiga tena mara moja kutoka mji ambao jina lake mama hakulishika, kisha simu ikafa. Miaka imepita tangu hapo. Hakuna aliyemwona, wala hakuna aliyeleta habari ya kifo.

"Na ruhusa atatoa nani, Bi?"

"Mimi. Kitovu nilikizika kwa mikono hii."

"Lakini desturi..."

"Desturi haikujua kwamba kuna Sauzi," alisema Bi Swaumu. "Walikuja vijana wa mashine. Nikawauliza utaangukia wapi, wakacheka. Nimekuita wewe kwa sababu najua hutacheka."

Sadala hakucheka. Alitazama mizizi tena, akasema atakuja Jumamosi.

Asubuhi ya Jumamosi, yeye na Hemedy walipokunja kona wakiwa na kamba mabegani, walikuta uwanja wa Bi Swaumu umejaa watu. Mikeka ilikuwa imetandikwa. Wanawake wameketi wamejitanda kanga. Upande wa pili wanaume wako kwenye mabenchi ya msikitini, wanazungumza kwa sauti ya chini. Sufuria kubwa lilikuwa limeinjikwa.

"Pana msiba hapa?" Hemedy alinong'ona. "Mbona sisi hatukuambiwa?"

Mzee mmoja alimpa Sadala mkono. "Pole, fundi. Tumepokea."

"Mmepokea nini, mzee?"

"Si ndiyo hivyo. Mnazi unateremshwa."

Ndipo Sadala alipoelewa. Zabibu, jirani wa Bi Swaumu, alikuwa amesikia mazungumzo yao ya siku ile. Kisimani akasema mnazi wa Nurdini unateremshwa Jumamosi. Hakuongeza neno. Lakini hapa mnazi wa kitovu hauteremshwi mwenyewe akiwa hai, na kila aliyesikia alijazia nafsini mwake lile lisilosemwa. Kufika jioni, habari za kifo cha Nurdini zilikuwa zimefika. Hakuna aliyesema uongo. Walichukua mchele, wakaja kumlilia mtoto wa mwenzao.

Bi Swaumu alitokea nyuma ya nyumba na ndoo ya maji. Akasimama. Aliwatazama wote, mkeka kwa mkeka.

"Nani kafa?"

Wanawake walivuta kanga zao.

"Nauliza, nani kafa nyumbani kwangu?"

"Shoga," Zabibu alisema, "sisi tulijua..."

"Mlijua nini? Mmepigiwa simu? Maana mimi sijapigiwa."

Zabibu aliinamisha kichwa, akaanza kukunja ncha ya kanga yake. Mjukuu mmoja alimfuata bibi yake akashika gauni. Sadala alisimama kati ya shina na watu. Akipanda sasa, kila kipande kitakachoshuka kitakuwa kama udongo unaotupwa kaburini, na Bungu itakuwa imemzika Nurdini bila mwili wala habari. Asipopanda, masika yatafika, na mti utamaliza mwenyewe kazi yake usiku mmoja juu ya watoto.

"Bi, nirudi siku nyingine?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Siku nyingine watakuja hawa hawa na mchele mwingine."

Hemedy alikaribia kucheka, akajikohoza.

Shehe Ismaily, aliyekuwa kwenye benchi la mbele, aliinuka kwa kujishika paja. "Swaumu, mwanangu. Watu wamekuja kwa nia njema, na mti ni hatari, kila mtu anaona. Tutasoma dua, kisha fundi apande. Lakini lazima niambiwe nisome ipi. Ya msafiri, au ya maiti?"

Hakuna mwingine ambaye angethubutu kuliuliza hilo. Kwa miaka yote ile, watu walikuwa wanapita nyumba hiyo wakiuliza habari za mihogo na za wajukuu, wakilizunguka jina la Nurdini kama watu wanaozunguka shimo.

"Wewe, shehe, unaonaje?"

"Mimi sioni kitu, mwanangu. Ndiyo maana nakuuliza wewe, mama yake."

Bi Swaumu aliweka ndoo chini. Akaketi kwenye ukingo wa mkeka, mahali panapoketi mfiwa, na wanawake wakavuta pumzi, wakidhani wameshajua jibu. Sadala alimwona akiutazama mnazi kutoka chini hadi juu, polepole, kama mtu anayempima mtoto aliyekua.

"Soma ya msafiri," alisema. "Ya maiti nitakuja kukuomba mwenyewe, siku nikioneshwa kaburi. Na mti ushuke, watoto walale." Kisha akawageukia wanawake. "Na nyinyi msiondoke. Mchele mmeuleta, upikwe. Ila asilie mtu hapa."

Dua ikasomwa, wakaitikia amina. Sadala alivaa kitanzi cha kamba miguuni, akapanda taratibu kwa sababu mti ulikuwa unatikisika chini yake. Alianza na makuti, moja moja. Kisha yakashuka mafungu ya nazi. Kilipobaki kilele peke yake, alikifunga kamba mbili. Mnazi ukiondolewa kilele, umekufa. Aliweka msumeno, akasema bismillahi, na akamwambia Nurdini, popote alipo, "Mama yako ndiye aliyeruhusu."

Kilele kikashuka salama. Hemedy alikipasua kwa panga, akautoa moyo wa mnazi, mweupe, laini kama jibini la maziwa. Kwa kawaida watoto huupigania. Siku ile hakusogea mtu. Bi Swaumu aliuchukua, akaukata vipande kwenye sinia, akapita akiwapa wageni kwa mkono wake, mmoja mmoja. Zabibu alipokea kwa mikono miwili, midomo ikamtetemeka.

"Nimesema asilie mtu, shoga."

"Silii," alisema Zabibu, akatia kipande kinywani.

Bi Swaumu alimaliza kugawa, akaingia ndani na sinia tupu, akafunga mlango wa chumba cha watoto.

Sadala alikuwa bado juu, amekumbatia shina lisilo na kichwa, bati liko chini ya nyayo zake. Watu wa uwanjani walikuwa wanakula. Hawakusikia kitu. Yeye alisikia. Sauti ilipanda kupitia bati, ya mtu aliyejiziba mdomo kwa kanga na bado haitoshi. Alisita, msumeno mkononi.

"Vipi, fundi?" Hemedy aliita. "Kamba iko tayari."

Sadala aliuinamia msumeno, akakata kwa nguvu, meno yakapiga kelele kwenye mti mgumu. Kipande kilipokaribia kuachia akahamisha msumeno pembeni, akaanza mkato mwingine usio na kazi, na mwingine tena, akakata na kukata, mpaka ndani ya nyumba pakatulia.