Daftari Ambalo Mama Zamu Hakuliandika

Ukitaka kumwudhi Mama Zamu, mwambie mgonjwa wako hali mpaka umlishe wewe. Wahudumu wapya huja ofisini kwetu na maneno hayo, kifua mbele, wakingoja kupongezwa. Yeye huwatazama juu ya miwani, kisha huwauliza: siku ukiugua wewe, mgonjwa afe njaa?

Mimi ni katibu wake, mwaka wa kumi na moja sasa, na nimeona watu wazima wakitoka chumbani kwake wamenywea. Simtetei. Ana maneno makali na hajui kupunguza sauti. Lakini katika hili ana haki ya kuwa mkali.

Shirika letu halitafuti faida. Linawasaidia wahudumu wa majumbani, wale walioajiriwa kumwogesha, kumlisha na kumgeuza mtu asiyejiweza. Tuna vyumba viwili juu ya duka la fundi viatu. Cha mbele kina meza yangu na kabati la madaftari. Cha nyuma kina kitanda cha chuma na gunia la mchanga na matambara lenye uzito wa mtu mzima. Tunaliita Mheshimiwa, maana halifanyi lolote na lazima libebwe. Hapo wahudumu hujifunza kumwinua mtu bila kuumia mgongo. Baada ya mafunzo, kila mmoja hupata siku mbili za kupumzika kwa juma, nasi tunapeleka wa kumshikia nafasi. Jina la Mama Zamu lilitoka hapo.

Na zamu haiendi bila daftari. Kila mhudumu huandika mambo ya mgonjwa wake, yale madogo ambayo hospitali haiyajui. Chai apewe kwa kikombe cha bati, cha udongo kinamponyoka. Ukimgeuza, anza na bega la kushoto. Akisema anachelewa kazini usimbishie, mtafutie viatu.

Zamani Mama Zamu mwenyewe hakuwa na daftari. Alimtunza mshonaji mmoja mstaafu kwa miaka tisa, na alijivunia kwamba mzee hakumtaka mwingine. Mama yake mzazi alipozidiwa, aliomba ruhusa, akamwachia jirani kazi, akaenda. Hakumwambia jirani kwamba mzee humeza vizuri akiinamishwa kichwa tu. Mikono yake ilijua, mdomo wake haukuwahi kulisema. Siku ya pili mzee alipaliwa, nusura afe, na familia ikapiga simu. Mama Zamu akaipokea, akapanda gari, akarudi kazini. Mama yake alifariki siku ya nne, akimwulizia. Alinisimulia mara moja tu, akikunja shuka pale chumba cha nyuma. Nililia mimi. Yeye alimaliza kukunja.

Mwaka huu nyonga yake ya kulia ilimgomea. Alibeba watu miaka mingi kabla hajajifunza kubeba. Daktari alimpangia upasuaji, yeye akaahirisha. Akampangia tena, akaahirisha tena, mara hiyo kwa kisingizio cha semina. Mara ya tatu daktari hakumbembeleza. Alimwambia akiikosa tarehe hii nyonga haitatengenezeka tena, atakwenda kwa kiti cha magurudumu hadi mwisho wa maisha yake. Akifanyiwa, atakaa miezi mitatu nje ya kazi. Zilibaki siku kumi na mbili.

Aliyajua hayo yote, na bado alikuja kwenye kikao cha kamati kutuambia anaahirisha. Alisema wahudumu sitini wanamtegemea. Alisema kuna familia ambazo hazimsikilizi mtu mwingine. Kisha akapiga meza.

"Hili shirika haliendi mpaka niwepo mimi."

Mwenyekiti wetu, muuguzi mstaafu, alivua miwani akaanza kuifuta, na ilikuwa safi. Mimi ni mwoga, hasa mbele ya Mama Zamu, lakini nilikuwa nimechoka kumwona akipanda ngazi zile kwa kushikilia ukuta. Nilipiga moyo konde, nikafungua kabati, nikatoa daftari jipya na kuliweka mbele yake.

"Mama, lako liko wapi?"

Nilidhani kazi sina tena. Kisha akalivuta daftari, akaomba kalamu, akalalamika kwamba kalamu zangu zote hazifai.

Aliandika siku kumi na moja. Aliandika akila, akabishana nalo, akachana kurasa. Aliandika ni mhudumu yupi husema yuko sawa wakati amechoka hadi kulia. Aliandika ni daktari gani apigiwe kabla ya saa nne, maana baada ya hapo huwa na hasira. Jioni ya mwisho alinikabidhi mimi.

"Utaharibu," alisema.

"Najua."

"Haribu tu. Usifunge ofisi."

Siku ya tatu baada ya upasuaji, binti yake aliniandikia asubuhi kwamba mama amesimamishwa, amepiga hatua nne na kumfundisha muuguzi jinsi ya kumshika. Nilicheka peke yangu. Kabla sijamaliza kucheka, mhudumu wetu wa zamu akapiga simu. Alikuwa amesimama nje ya nyumba yenye geti la kijani. Kijana wa nyumba alikataa kumfungulia, akasema wanamtambua Mama Zamu tu, na yule mhudumu wao wa siku zote akitoka kupumzika leo asirudi tena.

Nilifungua daftari, nikaitafuta nyumba hiyo. Usibishane na kijana, aliandika, yeye ni kelele tu. Mpigie dada yake mkubwa. Aliwahi kumgeuza baba yao peke yake siku nne, anaijua kazi.

Nikashika simu, nayo ikalia. Alikuwa Mama Zamu. Nilitamani kumpokea kuliko kitu chochote, nimtwishe mzigo wote aubebe pale pale kitandani. Lakini ukurasa wa mwisho wa daftari nilikuwa nimeusoma. Ulikuwa na mstari mmoja: Nitapiga. Usipokee.

Nilingoja mpaka ikanyamaza. Kisha nikampigia dada mkubwa. Alinisikiliza, akavuta pumzi, akaniambia nimpe nusu saa. Saa tano geti lilifunguliwa na mhudumu wa siku zote akatoka na mfuko wake kwenda kuwaona wanawe.

Mchana binti aliniandikia tena. Mama anauliza kama simu yako imeharibika, nimjibu nini?

Nikaandika: Mwambie niko zamu.

Jibu lilikawia. Lilipokuja, binti alisema mama amecheka, amenitukana kidogo, amegeukia ukutani, na sasa amelala.