Glavu Niliyomtengenezea Muchiri

Naikumbuka siku niliyouziwa waya kwa bei niliyoitaka mimi, mwanangu, nikatoka dukani nikipiga mluzi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kazi yangu ilikuwa kununua viazi kwa wakulima wa Endarasha na kuvileta hapa Nyeri mjini, na kazi hiyo ilinifundisha kuhesabu kila kitu mara mbili: magunia nikiyapakia, magunia nikiyashusha, na chenji hata kama aliyenirudishia ni padri.

Lakini Jumapili baada ya kanisa nilikuwa na mchezo wangu, huo huo ulioniuliza habari zake. Ulianza na igizo la Pasaka. Katekista alitaka askari wa Kirumi, nami nikajitengenezea deraya ya shingo kwa pete za waya, kila pete ikipita ndani ya nyingine nne, mpaka ikalala mabegani kama kitambaa. Watu walinipigia makofi kuliko walivyompigia Pilato. Basi nikanogewa. Nikasuka mikanda, nikasuka vipochi, nikamsukia mama kitu cha kuwekea sufuria ya moto, ambacho alikipokea kwa adabu na hakukitumia hata siku moja.

Mdogo wangu Muchiri alikuwa akikata nyama kwenye butcheri moja kule Nanyuki. Kisu mkono wa kulia, nyama mkono wa kushoto, na huo wa kushoto ulikuwa umejaa makovu. Mwenye butcheri hakuwa mtu wa kununua glavu za kinga. Alisema plasta ni rahisi. Siku moja Muchiri alikuja nyumbani, akaona mikanda yangu, akaukunjua mkono mbele yangu.

"Wahome, si unitengenezee glavu ya hii kitu? Hii kisu itanimaliza vidole."

Nilimpima palepale. Niliuweka mkono wake juu ya karatasi, nikachora kila kidole. Kisha nikachora tena.

Nikaenda kwa mama mmoja mwenye duka la hadiwea. Akanionyesha waya wa fensi uliopakwa zinki, mgumu, unaong'aa. Alipotaja bei nilicheka, kama ninavyoicheka bei yoyote.

"Mama, nipunguzie. Hii si dhahabu."

"Bei ni hiyo, kijana. Hii waya inazuia ng'ombe."

"Mimi sina ng'ombe. Nazuia kisu kidogo tu."

"Ati kisu? Basi chukua hii hii."

"Kwa nusu ya hiyo bei."

Akanitazama. Akairudisha roli ya waya kwenye rafu, akainama chini ya kaunta, akatoa waya mweusi, ule ambao mafundi wa mjengo hufungia nondo. "Kwa hiyo bei yako, niko na hii."

Hapo, mwanangu, kuna jambo ambalo mnunuzi mjanja hulijua akiwa amechelewa. Ukimbana muuzaji kupita kiasi, hakatai pesa zako, anabadilisha mali. Nilijua waya ule ni laini. Niliukunja kwa vidole ukakunjika. Nikajiambia ni heri, hautanichosha mikono.

Nikabana na upande wa vifaa. Badala ya msumeno wa chuma, nilikata pete kwa koleo la kukatia, kwa sababu nilikuwa nalo tayari. Koleo hilo huubana waya, likiacha ncha kama ya penseli. Ukiifunga pete, ncha mbili zinagusana upande mmoja tu, na upande wa pili kunabaki mwanya. Tena nilitaka kumaliza haraka, kwa hiyo niliuzungusha waya kwenye nondo nene, ili pete ziwe kubwa na zihitajike chache. Waya laini, ncha zisizokutana, pete pana. Makosa matatu, na yote matatu nilikuwa nayaita akiba.

Nilipomaliza nilihesabu: pete elfu mbili mia moja na kumi na sita. Nikahesabu tena nikapata moja zaidi, nikaiamini hesabu ya pili kwa kuwa ilinipendelea. Kisha nikaipeleka glavu Karatina kwa Mzee Ndirangu, mfua vyuma aliyekuwa akitengeneza majembe na panga tangu sijazaliwa. Sikwenda kuuliza. Nilikwenda kusifiwa.

Aliigeuza, akaitazama kwenye mwanga wa mlango.

"Ni ya nini?"

"Ya kukatia nyama, Baba. Ni ya mdogo wangu."

"Ulivuta pete ngapi?"

Sikumwelewa. Akanipa makoleo mawili. "Shika pete hapa na hapa, uvute. Ikifunguka kwa mkono wako, itafunguka kwa kisu. Vuta moja kwa kila kidole, na mbili za kiganja. Na uchague ukiwa umefunga macho."

Nilichagua macho yakiwa wazi. Nilitafuta pete moja karibu na kifundo, niliyokumbuka kuifunga vizuri siku ambayo sikuwa nimechoka, nikaivuta kwa adabu. Ikashika.

"Umeona, Baba?"

"Nimeona umevuta moja."

"Si waya ni mmoja? Moja ni sawa na zote."

Alinirudishia glavu, akaokota nyundo yake. "Kamwana, hii ni ya kucheza. Itundike kwa ukuta. Mtoto wa mama yako usimpee."

Nikaondoka nikijiambia mzee ana wivu, maana yeye hajui kusuka.

Jumamosi iliyofuata nilipeleka viazi Nanyuki, nikapitia butcheri asubuhi, glavu ikiwa mfukoni mwa koti. Muchiri akaivaa palepale kwenye kaunta, akafunga ngumi, akafungua, akafunga tena. Ilikuwa inamkaa kweli. Nikamwambia imekaguliwa na fundi wa Karatina. Haukuwa uongo mzima, na ukweli wake haukufika nusu. Kisha nikachukua kisu, nikapitisha makali juu ya kiganja chake, kikateleza, wateja wakashangilia. Makali huteleza juu ya pete, mwanangu. Ncha ndiyo hutafuta tundu. Ncha sikuijaribu.

Miongoni mwa wateja alikuwepo Mzee Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi.

"Muchiri, leo unakata nyama ama unaenda vitani?"

"Naenda vitani na wewe, Mzee Abdi, ukituletea tena mbuzi imekonda."

"Zimekonda kwa kusikia bei yenu!"

Watu wakacheka. Muchiri akakata kwa kasi ambayo sikuwahi kumwona nayo. Zamani alikuwa akikiogopa kisu, na woga huo ndio ulikuwa umemwachia vidole vyote kumi. Mimi nilikuwa nimekuja kumwondolea huo woga. Alikuwa anatoa mfupa wa paja kwa kisu chembamba cha kutolea mifupa, kikateleza kwenye mfupa, kikaja kwa ncha.

Hakupiga kelele. Alisema, "Ai, Wahome," kama mtu aliyemwagiwa chai. Nilipomvua glavu, pete zilidondoka sakafuni zikiwa zimefunguka, na nyingine zikabaki ndani ya kiganja.

Mzee Abdi ndiye aliyetukimbiza hospitali, kwenye pikapu yake ya mbuzi. Daktari alisema kano za vidole viwili zimekatika, akashona alichoweza kushona. Nilipoingia, Muchiri alikuwa amelala akiitazama dari.

"Huyo fundi wa Karatina alisema nini?"

"Alisema nivute pete. Nione kama zinashika."

"Ukavuta ngapi?"

"Moja."

Akangoja. Alingoja kama mtu anayetaka niendelee kuhesabu, na mimi sikuwa na ya pili.

Vidole hivyo havikukunjika tena. Butcheri ilipata mtu mwingine kabla bandeji haijatolewa. Muchiri alirudi Endarasha kulima viazi, na mpaka leo akifunga gunia anasaidia kwa meno. Hajawahi kunilaumu. Hilo ndilo linalonielemea zaidi, maana mtu akikulaumu, angalau mnaweza kubishana.

Mwaka uliofuata nilitengeneza glavu ya pili. Nilinunua waya wa fensi kwa bei ya mwenye duka, nikakata kwa msumeno, nikatumia nondo nyembamba, na kila pete niliivuta, zote, hata wiki zikaisha. Nikampelekea. Aliivaa, akajaribu kufunga ngumi. Vidole vitatu vya glavu vikakunjika, viwili vikabaki vimenyooka. Akaivua, akaniwekea mkononi.

"Hii ni nzuri," akasema. "Peleka kwa mtu ako na mkono."

Sikujua mtu wa kumpelekea. Nimezeeka sasa, na kila nikimwamkia mdogo wangu najikuta namtazama machoni kwa nguvu, nisije nikatazama chini. Watu wa kanisa wananiambia nimesamehewa. Deni hilo nimelipigia hesabu mara mbili, na zaidi ya mbili, sioni lilipofutika. Nasema haya si ili unionee huruma. Nasema kwa sababu umeniuliza ununue nini, na hili nalo ni sehemu ya jibu.

Basi nunua waya wa fensi wenye zinki, au wa chuma kisichoshika kutu ukiupata. Ule mweusi waachie watu wa mjengo. Shaba inayotolewa kwenye mota zilizoungua inapendeza macho, lakini ni laini. Itoshe kwa mkufu. Tafuta makoleo mawili yasiyo na meno, na ukiyapata yenye meno, yapige tupa mpaka yalainike, la sivyo yatazikwaruza pete zote. Kata kwa msumeno, ncha zikutane bapa. Unapofunga pete, ipeleke mbele na nyuma mpaka usikie ncha zinasuguana, ndipo uiache. Chagua nondo nyembamba. Pete ndogo ya waya mnene ndiyo inayoshika. Bei zungumza upendavyo, lakini muuzaji akikubali upesi, angalia tena alichokushikisha.

Suka mikufu, suka mikanda, wavishe askari wa Pasaka kuanzia hapa hadi Kiriaini. Ni mchezo mzuri. Bado naufanya, ingawa raha yake sijaiona tena. Lakini siku mtu atakapoukunjua mkono wake mbele yako akuombe umkinge, mwambie hapana. Mwambie zako ni pambo, akanunue ile ya kiwandani, ambayo kila pete imechomelewa. Akasirike, akuite mchoyo, aende zake na mkono wake mzima. Na mtu aliyekuzidi ujuzi akikupa kipimo, kifanye chote, kwa macho yaliyofungwa, hasa ukiwa na hakika kwamba huhitaji.

Mungu akupe jicho la kuuona mwanya kabla kisu hakijauona. Akulindie vidole vyako, na vya kila atakayeiamini kazi yako kwa sababu anakupenda. Uende kwa amani, mwanangu. Thaai.